Kifuniko au Ganda? Sarufi ya Mwili wa Simu

Wanafunzi wa idara yetu ya lugha za Kiafrika hawakubaliani juu ya mambo mengi, na mojawapo ni mwili wa simu. Mmoja anasema simu yenye mgongo wa plastiki ni ya kitoto. Wa pili anamjibu kwamba mgongo wa kioo ni anasa ya watu wasiojua kubanwa ndani ya taksi-basi. Wa tatu anatetea chuma. Mabishano haya huanza kwa utani, lakini chini yake kuna jambo zito. Kwa wengi wetu simu ndiyo maktaba, maana silabasi zimo humo. Ndiyo benki, maana pesa ya nauli na ya chumba hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tena ndiyo njia ya kupata habari za nyumbani. Ikifa, mtu hukatika na vyote kwa siku moja.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi mwili huo unavyotengenezwa, kwa nini watengenezaji wenyewe hawaafikiani juu yake, na kwa nini mimi, mwanafunzi wa isimu asiye mhandisi, naona kwamba lugha zetu zinatupa kipimo kizuri cha kuamua. Sizungumzii lile vazi la mpira tunalonunua kando ya barabara na kuivisha simu. Nazungumzia mwili wenyewe: mgongo, fremu ya pembeni, na namna vinavyoshikana.

Vitenzi mezani kwa fundi

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kukusanya msamiati wa ufundi. Mimi nilichagua mafundi wa simu wa hapa Lubumbashi, wale wanaoketi chini ya mwavuli na meza ndogo mbele yao. Nilipata majina mengi ya Kifaransa yaliyokwisha kuvaa sauti za kwetu: batri, ekra, visi, turnevisi. Mgongo wa simu wengine waliuita koke, wengine mugongo, wengine kifuniko. Hayo nilikuwa nikiyasikia tangu utoto. Kilichonivutia zaidi ni vitenzi.

Fundi mmoja, ambaye wateja humwita yaya, alikuwa na desturi. Akipewa simu, aliigeuza kifudifudi, akapitisha ukucha pembeni taratibu, kisha akatoa hukumu. "Hii inafunguka," alisema kwa simu moja. Kwa nyingine alisema, "Hii ni ya kung'oa, mama." Bei ilifuata kitenzi. Kwa simu ya kufungua, mteja alingoja amesimama. Kwa simu ya kung'oa, aliambiwa arudi jioni, na tena aliambiwa mapema kwamba mgongo unaweza kupasuka, asije akalaumu.

Kwa sikio la mtu wa isimu, hukumu hiyo ina mantiki kamili. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina mnyambuliko unaogeuza tendo. Funga hupata fungua, funika hupata funua, bandika hupata bandua, kunja hupata kunjua, ziba hupata zibua, chomeka hupata chomoa. Wanaisimu huuita mnyambuliko wa kutendua, na neno hilo lenyewe limefuata kanuni: tenda, kisha tendua. Sisi wa Lubumbashi husema kufungula, na watu wa pwani wakitusikia hutucheka. Wasicheke sana, kwa sababu l hiyo inalingana na umbo ambalo wataalamu wamelirejesha katika Kibantu cha kale, na lugha jirani zimeihifadhi mpaka leo. Kibemba kina isala, yaani funga, na isula, yaani fungua. Ciluba kina kanga na kangula.

Lakini vipo vitenzi vyenye sura hiyohiyo ambavyo havina mwenzake wa kwenda naye: pasua, bomoa, ng'oa, chubua. Hivi navyo hutenganisha vitu, ila havitoi ahadi ya kurudi. Ukifungua mlango, unaweza kuufunga. Ukiubomoa, unamtafuta seremala. Tofauti hii kati ya kutendua na kutenganisha tu ndiyo fundi aliyokuwa akiitumia bila kuitaja. Nami naichukua kuwa kipimo cha makala haya: mwili wa simu ni mzuri pale ambapo kila kitenzi cha kiwandani kina kitenzi cha kukirudisha mezani.

Plastiki, chuma na kioo

Tuanze na kile ambacho watu hubishania kwanza, yaani mali ambayo mwili umetengenezwa kwayo.

Plastiki inayotumiwa sana katika simu ni polikaboneti, jamaa wa ile inayotumiwa kwa vioo vya helmeti za pikipiki. Ni nyepesi, hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na hupitisha mawimbi ya redio bila shida. Simu ikianguka, mgongo wa plastiki hunyonya sehemu ya pigo. Rangi inaweza kuchanganywa ndani yake, hivyo mkwaruzo hauonyeshi rangi nyingine chini. Nokia N9 ya mwaka 2011 ilitengenezwa hivyo, kwa kipande kimoja cha polikaboneti chenye rangi mpaka ndani, na hakuna aliyeiona kuwa simu ya kitoto. Udhaifu wake ni kwamba plastiki huchubuka upesi, na haisambazi joto vizuri kama chuma.

Alumini husambaza joto na hukaza fremu bila kuongeza uzito mwingi. Hata hivyo ina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba chuma huzuia mawimbi. Simu iliyofunikwa kwa chuma pande zote isingeweza kusikia mnara. Ndiyo maana migongo mingi ya alumini ina mistari myembamba ya plastiki: watu huidhani ni pambo, kumbe ni madirisha ya antena. Tatizo la pili ni kupinda. Mwaka 2014 kulikuwa na kelele nyingi juu ya iPhone 6 Plus zilizopinda mifukoni, na mwaka uliofuata kampuni ikatumia aina ya alumini ngumu zaidi katika iPhone 6s.

Antena yenyewe iliwahi kuwa fremu. Katika iPhone 4 ya mwaka 2010, ukanda wa chuma cha pua uliozunguka simu ndio uliofanya kazi ya antena. Wazo lilikuwa zuri, lakini mkono wa mtu ukigusa kona ya chini upande wa kushoto, nguvu ya mawimbi ilipungua. Kampuni iligawa bure mavazi ya pembeni ili kuutenga mkono na chuma. Mfano huu unatukumbusha kwamba mwili wa simu ni sehemu ya mashine yenyewe. Namna unavyouchora ndivyo simu itakavyosikia.

Kioo kinapitisha mawimbi kama plastiki, na kina faida nyingine: kinaruhusu chaji bila waya. Chaji ya namna hiyo hufanya kazi kwa sumaku inayobadilika-badilika kati ya mizingo miwili ya waya, mmoja ndani ya simu na mwingine ndani ya sahani ya kuchajia. Ukiweka bamba la chuma kati yao, bamba linakula nguvu na kupata joto. Kwa sababu hiyo iPhone 8, mwaka 2017, iliacha mgongo wa alumini na kurudi kwenye kioo. Kioo hicho si cha dirishani. Huzamishwa katika chumvi ya moto iliyoyeyuka. Chembe ndogo za sodiamu hutoka juu ya uso wake, na chembe kubwa za potasiamu huingia mahali pake zikibanana. Ubanano huo ndio unaokifanya kioo kivumilie zaidi. Lakini kuvumilia si kutovunjika, na wale wanaokaa mezani kwa mafundi wanalijua hilo.

Kuna kinaya hapa ambacho mwenzangu, mtetezi wa plastiki, hachoki kukitaja. Mtu ananunua simu ya kioo kwa sababu inang'aa, kisha siku hiyohiyo anaivisha mpira mweusi ili isipasuke. Alichokilipia hakioni tena. Mtetezi wa kioo naye ana jibu: plastiki inalindwa na nani? Inachubuka, na baada ya mwaka inaonekana kama imeokotwa. Mimi nawasikiliza wote wawili, nikiona kwamba wamesimama kwenye swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza.

Vinashikanaje?

Swali la kwanza ni jinsi vipande vinavyoshikana. Hapa kuna njia tatu kubwa, na kila moja ina kitenzi chake.

Njia ya kwanza ni kubana. Mgongo una meno madogo ya plastiki yanayoingia katika fremu. Unaufungua kwa ukucha na kuurudisha kwa kiganja, mpaka usikie sauti ndogo ya meno yakishika. Wale waliotumia Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, wanakumbuka kwamba hata mtoto aliweza kubadilisha mgongo na uso wake. Simu nyingi ndogo za vibonye zinazouzwa sokoni kwetu bado ziko hivyo. Kitenzi cha njia hii ni kufunika na kufunua. Huu ndio mwili unaostahili kuitwa kifuniko.

Njia ya pili ni visi. Huhitaji bisibisi, lakini hurudi vizuri mahali pake: unakaza, unalegeza, unakaza tena. Shida huanza pale kiwanda kinapochagua kichwa cha visi ambacho bisibisi za kawaida haziingii, kama vile visi vyenye nyota ya ncha tano vilivyo chini ya iPhone nyingi. Mlango upo, ila ufunguo haukuuzwa pamoja na nyumba.

Njia ya tatu ni gundi. Hapa lugha ina mzaha wake. Gundisha ni kushika kwa gundi, na mtu angetarajia gundua iwe kinyume chake. Lakini gundua maana yake ni kuvumbua jambo lililofichika, na kwa simu ya gundi ndivyo inavyokuwa: mwenye simu hugundua siku betri inapochoka kwamba alinunua kitu kisichofunguka. Hata hivyo Kiswahili hakitunyimi neno kabisa, kwa kuwa tuna bandika na bandua. Gundi nyingine hulegea ikipashwa joto, na fundi mwenye subira huweza kuubandua mgongo kwa kadi nyembamba ya plastiki, kisha akaubandika upya kwa gundi mpya. Gundi nyingine imeshika kioo kwenye fremu kwa nguvu kiasi kwamba kioo kinavunjika kabla haijaachia. Hapo tumefika kung'oa. Mwili wa namna hii ni ganda: ganda la yai linamfaa sana yai, lakini hakuna aliyewahi kulipasua na kulirudisha.

Kwa hiyo tuna ngazi tatu: kufungua, kubandua, kung'oa. Ukiziangalia, utaona kwamba hazifuati moja kwa moja mali ya mwili. Kuna plastiki ya kung'oa na kuna kioo cha kubandua. Katika iPhone 14 ya kawaida, ya mwaka 2022, muundo wa ndani ulipangwa upya ili mgongo wa kioo utoke peke yake, jambo ambalo katika matoleo yaliyotangulia lilikuwa vita. Katika iPhone 16, ya mwaka 2024, betri imeshikwa kwa gundi inayoachia ikipitishiwa umeme mdogo. Kioo kimebaki kioo, ila kitenzi kimebadilika.

Hoja ya maji

Watetezi wa gundi wana hoja moja nzito, na haifai kuipuuza. Wanasema simu ya kufungua huingiza maji. Nasi huku tunaijua mvua: kati ya Novemba na Machi, mtu anaweza kutoka chuoni mkavu na kufika barabarani ameloa mpaka viatu.

Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila madhara, 8 maana yake ni kwamba kilipita hapo, kwa masharti ambayo mtengenezaji ameyataja. Simu ikifungwa kwa gundi pande zote, ni rahisi zaidi kupata alama hizo na pia kuwa nyembamba.

Lakini rahisi zaidi si sawa na njia pekee. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo wa plastiki unaofunguliwa kwa ukucha na betri inayotolewa kwa mkono, na bado ilikuwa na alama IP67. Siri yake ilikuwa ukanda wa mpira uliozunguka upande wa ndani wa mgongo, kama ule wa mfuniko wa chombo cha chakula. Mwaka uliofuata Galaxy S6 ilikuja na kioo na chuma, betri imefungiwa ndani, na haikuwa na alama yoyote ya kuzuia maji. Mtu aliyehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili alipoteza vyote viwili kwa pamoja. Baadaye, mwaka 2020, kampuni hiyohiyo ilitoa Galaxy XCover Pro, simu ya kazi yenye betri ya kutolewa kwa mkono na alama IP68. Basi maji hayalazimishi gundi. Gundi huchaguliwa kwa sababu ya wembamba, ya urahisi kiwandani, na ya sura.

Nikiri kwamba ukanda wa mpira nao una gharama. Unazeeka, unashika vumbi, na mtu asipoubana vizuri maji yataingia. Simu yenye mlango inamtaka mwenyewe aufunge. Hiyo ni kazi ndogo ambayo mtu anaweza kufundishwa, tofauti na kung'oa kioo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu hasa sisi

Kati ya sehemu zote za simu, betri ndiyo iliyoandikiwa kufa mapema. Kila inapochajiwa na kuisha, inapoteza kidogo ya uwezo wake. Ikizeeka vibaya, hewa hujikusanya ndani yake, inavimba na kusukuma mgongo nje. Mwenye simu ya kifuniko ataona mgongo haubani tena, atautoa, ataondoa betri na kutafuta nyingine. Mwenye simu ya ganda atabaki na betri iliyovimba chini ya kioo kilichogundishwa, na kuing'oa kwa ncha ya chuma ni hatari, kwani betri ya namna hiyo ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Kuna ukweli mchungu mezani hapo: mteja anataka kuokoa simu ya thamani ya miezi yake kadhaa ya kazi, na fundi anashika moto kwa vidole vyake.

Na ndani ya betri hiyo kuna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga, barabara ileile tunayopita kwenda Likasi na Kolwezi. Jiwe hutoka hapa, linasafiri hadi viwanda vya mbali, linarudi likiwa limefungiwa ndani ya mwili usiofunguka. Betri ikichoka na simu ikatupwa nzima, kobalti hiyo hutupwa pamoja nayo, na mashimo mengine huchimbwa ili kuijazia. Sidai kwamba meno ya plastiki mgongoni mwa simu yatatatua mambo ya migodi. Nasema tu kwamba mwili unaofunguka huongeza maisha ya kitu ambacho watu wa hapa wamekwisha kukilipia mara moja kwa jasho.

Ulaya wameanza kulisemea jambo hili kwa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya juu ya betri, iliyopitishwa mwaka 2023, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeweka misamaha kadhaa. Na hata kabla ya hapo, kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilikuwa ikiuza simu za kufunguliwa. Fairphone 5 ya mwaka 2023 ina mgongo unaotolewa kwa kidole na alama IP55, yaani inavumilia manyunyu ila si ya kuzamishwa. Soko letu halipangwi kwa sheria za Ulaya. Lakini simu nyingi huchorwa mara moja kwa soko la dunia nzima, na mlango uliowekwa kwa ajili ya mtu wa Amsterdam utakuwepo pia mezani kwa fundi wa Lubumbashi.

La kufanya kabla ya kulipa

Msomaji atauliza: basi ninunue ipi? Kwa kuwa kila mmoja ana mfuko wake, nitaacha majina ya simu na kutoa maswali matatu. Kwanza, mgongo unatoka kwa ukucha, kwa bisibisi, au kwa moto? Pili, ukishatoka, betri imechomekwa au imegundishwa? Tatu, je, mgongo wa kuuvaa badala yake unapatikana mjini? Maana mwili unaofunguka usio na kipuri ni mlango wa nyumba isiyo na kitu. Muuzaji asipojua majibu, pita kwanza kwa fundi, mtaje jina la simu unayoitaka, na usikilize kitenzi atakachokitumia.

Kwa wenzangu wa idara nina ombi jingine. Tunapotunga msamiati wa teknolojia, mara nyingi tunatafuta majina tu: mgongo wa simu tuuite nini, fremu tuiite nini. Kazi hiyo ni nzuri, lakini majina hayatuambii kitu kinaweza kufanywa nini. Vitenzi vinatuambia. Kamusi ndogo ya fundi wa simu ikiandikwa siku moja, ningependa kila kitenzi cha kufunga kiandikwe pamoja na mwenzake wa kufungua, na pale ambapo mwenzake hayupo, nafasi iachwe tupu ili msomaji aione. Atakayeifungua kamusi hiyo dukani atajua, kabla ya kutoa pesa yake, kama ananunua kifuniko au ganda.